Mwanangu anaitwa SHIJA sio SHEILA. Walimu mnaobadilisha majina ya watoto wetu nani kawatuma?

Wakuu habari zenu. Naenda moja kwa moja maana nimekasirika na bado sijapoa.

Binti yangu kaanza darasa la kwanza mwaka huu. Cheti cha kuzaliwa Shija, kadi ya kliniki Shija, mtaa mzima unamjua kwa Shija. Juzi nakagua madaftari yake nakuta yamefunikwa kaki vizuri kabisa halafu juu yameandikwa kwa maka pen nyeusi SHEILA. Nikajua yamechanganywa na ya mtoto mwingine, namuuliza ananiambia baba hilo ndo jina langu la shule, ticha kasema lile la nyumbani niliache nyumbani. Kumbe siku za mwanzo wakiita mahudhurio alikuwa anakaa kimya kwa sababu hajui kama Sheila ndo yeye, akasimamishwa mbele ya wenzake kwa kosa la kiburi. Mtoto wa miaka sita jamani!

Nimeenda shule. Mwalimu wala hakuficha, ananiambia "mzazi mimi nimemsaidia tu, lile jina la kishamba, na wengine wanasema ni la mizimu, akifika sekondari watamcheka". Akafungua simu anionyeshe ile listi inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, majina mazuri ya watoto wa kike na maana zake, eti Sheila maana yake wa mbinguni. Shija kwenye hiyo listi hamna, kwa hiyo kwake yeye halina maana.

Sasa nisikilizeni. Sisi Wasukuma na ndugu zetu Wanyamwezi wakizaliwa mapacha anayetangulia ni Kulwa anayefuata ni Doto, awe wa kike awe wa kiume, hilo nchi nzima inalijua maana hata Pwani wanayatumia. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ndo Shija. Hakai mtu chini kumchagulia, anakuja na jina lake. Kaka zake Kulwa na Doto wako darasa la nne hapohapo shuleni na hakuna aliyethubutu kuwabadilisha, sasa mdogo wao aliyewafuata kakosa nini? Ukisikia Shija tu unajua huyu ana pacha mbele yake, unajua mama yake alishabeba mimba ya wawili akavuka salama. Ndo maana mama yangu alivyopigiwa simu kwamba mtoto kazaliwa hata hakuuliza anaitwa nani.

Na sio hilo tu. Aliyetanguliza miguu wakati wa kuzaliwa ni Kashinje. Wa kipindi cha mvua ni Kabula akiwa wa kike, Mabula akiwa wa kiume. Nenda Kwimba au Magu kule Usukumani mtajie bibi yeyote jina lako atakwambia ulizaliwaje. Zunguka Ziwa Victoria hilo, Waganda anayefuata mapacha wanamwita Kizza, Wajaluo wanamwita Okello au Akello, na Wajaluo lugha yao wala sio ya Kibantu. Watu wote hao wanaokunywa maji ya ziwa moja wamempa nafasi yake mtoto anayefuata mapacha, halafu mtu na listi yake ya kuforwadiwa anasema ushamba.

Tuje kwenye hilo Sheila. Silidharau, nina binamu anaitwa hivyo na nampenda. Lakini kama hoja ni maana basi tuseme ukweli. Limetoka Ireland, kule wanaandika Síle, na hilo ni Cecilia kwa ulimi wa Kiayarishi, na Cecilia ni la ukoo wa Kirumi linalorudi kwenye neno la Kilatini la kipofu. Claudia linarudi kwenye kuchechemea. Calvin ni upara. Cameron kwa Kigaeli cha Scotland ni pua iliyopinda. Wenyewe wanayavaa hawana shida, wala hakuna mwalimu anayewafutia, sisi mtoto aliyefuata mapacha ndo tunaona aibu!

Na hili la mizimu ndo limenichoma zaidi maana sisi ni watu wa kanisani. Fungua Yohana 20:24, Tomaso "aitwaye Pacha". Mtume wa Yesu anaitwa pacha, yaani kina Kulwa na Doto hao hao. Yakobo kaitwa hivyo kwa sababu alitoka ameshika kisigino cha nduguye, tofauti yake na Kashinje iko wapi? Mbona Thomas na Jacob mnawabatiza kila Jumapili?

Baba yake rais wetu wa kwanza, Mwalimu Julius Nyerere, aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa viwavi wamevamia nchi ya Wazanaki. Mwalimu mwenyewe kazaliwa Butiama Aprili 1922 mvua kubwa inanyesha, akaitwa Kambarage. Julius kalipata kwa ubatizo mwaka 1943 akiwa mtu mzima, na Kambarage hakulitupa. Hayati Magufuli Novemba 2015 kaapa na Pombe lake katikati, nchi ikampigia saluti. Doto Biteko kawa Naibu Waziri Mkuu 2023 na Doto lake. Nani alicheka?

Halafu kuna hasara ambayo huyo mwalimu hata haiwazi. Sheila likishakaa kwenye mfumo wa prem, ule wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, ndo litakalomfuata hadi mtihani wa kumaliza shule ya msingi, huku cheti cha kuzaliwa kinasema Shija. Tunawaona watu wazima wanavyosota na viapo vya mahakamani na deed poll (hati ya kubadili jina) kwa herufi moja tu kutofautiana, ajira inapita, kitambulisho kinakwama. Sasa huyu wangu jina zima!

Mwalimu mkuu kaniambia nipeleke nakala ya cheti na barua, kesho asubuhi niko pale. Nataka rejista ibadilishwe, madaftari yaandikwe upya na mtoto aombwe radhi mbele ya darasa lilelile alilosimamishwa. Walimu mlioko humu naombeni mnieleze, jina likishaingia prem kimakosa shule inaweza kulirekebisha yenyewe au lazima niende kwa afisa elimu wa wilaya?