Paka wangu anachagua chakula: nimpe kipi kilicho salama?

Swali: Paka wangu hunusa bakuli, hukwangua sakafu kana kwamba anakifukia chakula, kisha huondoka. Naombeni ushauri.

Jibu la 1: Ndugu, hakikisha lebo inasema ni chakula kamili cha paka, chenye nyama au samaki pamoja na taurini (kirutubisho muhimu kwa paka), kwani paka akiikosa taurini kwa muda mrefu moyo hudhoofika na macho huweza kupofuka. Chakula cha mbwa hakitoshi. Kipya kichanganye na cha zamani kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10.

Jibu la 2: Wangu alikataa chakula kilichotoka kwenye friji, nilipokipasha kikawa vuguvugu, alikila. Usikiunge kwa kitunguu wala kitunguu saumu, ni sumu kwake.

Jibu la 3: Asipokula kabisa kwa saa 24, mwone daktari wa mifugo; ukingoja njaa imlazimishe, ini lake linaweza kuharibika.