Mafundi wa makaro Tabora, mnatujengea mashimo ya kula hela!

Wakuu, leo sina lugha laini. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike hapa mjini, kila anayejenga Ipuli, Kiloleni mpaka Cheyo anataka choo cha ndani cha kuflashi. Sawa kabisa. Ila makaro (matangi ya majitaka ya chooni) yanayojengwa bado ni ya enzi za kopo na ndoo! Mvua za Novemba zikianza tu, choo hakishuki, uani kunanuka, gari la kunyonya majitaka linaitwa kila baada ya miezi michache. Ukimpigia fundi jibu ni lile lile: "Bosi, karo limejaa."

Karo zima hukaa limejaa maji muda wote, fundi! Mazito yanatua chini, mafuta na uchafu mwepesi vinaelea juu, maji ya katikati ndiyo yanayokwenda shimo la kunyonya, lile la pili linaloyapeleka ardhini. Sasa wewe umechomeka bomba kavu kwenye ukuta bila tii, kile kiungio cha bomba chenye umbo la herufi T. Kinachotoka ni ule utando wa juu, vinyesi na kila kitu. Unaganda kwenye kuta za shimo la kunyonya, udongo unaziba, shimo halinyonyi tena. Hapo hata ukiita gari kila mwezi ni bure, utachimba shimo jingine. Na tii mbili za inchi 4 hazifiki hata bei ya safari moja ya gari hilo.

Kwa nyumba ya watu sita, chukua urefu wa ndani mita 2.4, upana mita 1, kina cha maji mita 1.2. Hizo ni karibu lita 2,900. Acha nafasi ya sentimita 30 juu ya maji. Weka ukuta wa kati ili chumba cha kwanza kiwe mita 1.6 na cha pili 0.8. Matundu ya ukuta huo yawe katikati ya kina, si juu kwenye utando wala chini kwenye tope. Bomba la kutokea liwe chini ya la kuingilia kwa sentimita 5 hadi 7. Tii ya kuingilia izame sentimita 30, ya kutokea 45, na vichwa vyake vibaki wazi juu ili hewa ipite na waya wa kuzibulia uingie. Kila chumba kiwe na mfuniko wake. Kabla ya kufukia, jaza maji na upige alama ukutani. Kesho yake yakiwa yameshuka, plasta inavuja, irudiwe.

Halafu kuna wale wanaoacha chini bila zege "ili lisijae haraka". Jamani, nyumba ngapi hapa bado zinachota kisimani? Karo lisilo na sakafu linamwaga kinyesi ardhini moja kwa moja. Shimo la kunyonya lenyewe likae mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko.

Na kichekesho cha karne: fundi anapiga plasta shimo la kunyonya! Linyonye kupitia wapi? Tofali zake zipangwe bila mota (udongo wa saruji wa kuunganishia), nyuma yake kokoto, chini udongo mtupu. Ila kiwanja kikiwa mbugani, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, shimo refu halitakusaidia hata likiwa la futi 20. Huko chimba mitaro mirefu isiyo na kina, yenye kokoto na bomba la matundu. Kabla ya yote, chimba kishimo cha sentimita 30, kiloweshe usiku kucha, ujaze tena asubuhi. Maji yakitumia zaidi ya saa moja kushuka sentimita 2.5, usikubali shimo.

Mabomba ya mvua nayo mnayaunga karoni. Bati la mita za mraba 100 likipigwa mvua ya milimita 20 linashusha lita 2,000. Tope lote linafagiliwa kwenda shimoni! Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye chemba ya kunasa mafuta. Hamira na "dawa za kumaliza karo" zinazouzwa mtaani haziondoi tope, mnaliwa tu. Pampasi na pedi zisiingie chooni.

Kujua kama limejaa kweli, funga kitambaa cheupe kwenye fito, ishushe chumba cha kwanza hadi chini, uitoe polepole. Weusi wa tope ukifika sentimita 40, theluthi ya kina, ita gari. Karo la vipimo hivyo huchukua miaka mitatu hadi mitano. Asishuke mtu ndani hata likiwa tupu, hewa yake inaua kabla hujapiga kelele.

Mafundi mliomo humu, njooni mjibu: nani anampigia mwenye nyumba picha ya tii kabla ya kumwaga zege la juu? Na anatoza shilingi ngapi kwa karo la vipimo hivi, Ipuli?