Naomba ushauri: fomu za PDF zinaonekana tupu kwenye simu

Wakuu, nina fomu moja ya PDF ya kujaza kwa majina 140 kutoka jedwali la LibreOffice Calc. Natumia pdftk (programu ya kushughulikia PDF kwa amri): fill_form, yaani kujaza fomu, pamoja na need_appearances, inayoiachia programu inayofungua faili ichore maandishi yenyewe. Kwenye kompyuta, Okular (programu ya kusomea PDF) inaonyesha kila kitu. Nikifungua kwenye simu, visanduku vitupu! Nikigusa kimoja maandishi yanatokea, nikitoka yanapotea.

Nikitumia flatten (kugandisha maandishi kwenye ukurasa) badala yake yanabaki, ila mpokeaji hawezi tena kusahihisha, nami nataka aweze.

Kuna aliyewahi kupitisha faili za namna hii kwenye qpdf (programu nyingine ya PDF) kwa --generate-appearances, yaani kuchora maandishi ndani ya faili lenyewe? Au niandike skripti ya Python kwa pypdf (maktaba yake ya kushughulikia PDF)? Tovuti za kupandishia faili sitaki kabisa, humo mna taarifa binafsi za watu.