Mshipi wa kusuka au wa nailoni kwa samoni wa Mto Green?

Mgeni wa Kent

Habari zenu, wakuu. Naishi Kent, jimbo la Washington, karibu kabisa na Mto Green, na msimu huu nimekusudia kuvua samoni aina ya koho wanapopanda kutoka baharini mwezi wa Septemba na Oktoba. Nina fimbo moja ya futi 8 na nusu pamoja na rili ya kawaida, ile ambayo spuli yake haizunguki wakati wa kurusha. Muuzaji mmoja dukani amenishauri ninunue mshipi wa kusuka wa pauni 30 (yaani unaohimili uzito huo kabla ya kukatika), na mwenzake wa duka hilohilo akasisitiza kwamba nailoni ya pauni 12 ndiyo inayomfaa mtu anayeanza. Nilikulia Bagamoyo, ambako tulitumia nailoni kwa kila samaki, kuanzia changu hadi kolekole, lakini tulivua kwa mkono na wala si kwa fimbo. Hapa nitakuwa nikirusha spina (chambo bandia chenye kibati kinachozunguka) na jigi (ndoano yenye kichwa kizito kinachozama) kutoka ukingoni, na siku nyingine nitatumia boya na mayai ya samoni. Fedha niliyo nayo inatosha mshipi mmoja tu, kwa hiyo naomba mnieleze na sababu, ili nielewe ninachokinunua.

Mzee wa Skykomish

Karibu sana, mdogo wangu. Kwa uvuvi ulioueleza, yaani kurusha kutoka ukingoni, ushauri wangu ni mshipi wa kusuka kwenye rili, na mbele yake ufunge kipande cha nailoni au cha flurokaboni (aina nyingine ya uzi wa plastiki). Sababu ya kwanza ni unene. Mshipi wa kusuka wa pauni 30 una unene wa takriban milimita 0.28, ambao ni sawa na nailoni ya pauni 8 hivi, kwa hiyo unapata nguvu kubwa katika uzi mwembamba unaoruka mbali na usiosukumwa sana na mkondo. Sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, ni kwamba haunyumbuki. Nailoni inaweza kurefuka kwa asilimia 20 au zaidi kabla ya kukatika, na mshipi wa kusuka haurefuki ila kidogo mno. Koho mara nyingi hulichukua jigi linaposhuka, tena bila kishindo, na dalili pekee unayoipata ni uzito mdogo unaobadilika au mshipi unaosimama kabla ya jigi kufika chini. Ukiwa na nailoni mita 25 mbele yako, dalili hiyo humezwa na ule mnyumbuko, na samaki huwa ameshalitema jigi kabla hujainua fimbo.

Kwenye boya pia utaona faida yake. Nyuzi za mshipi huu ni za polithilini, ambayo ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea, nawe unaweza kuunyanyua mshipi kwa ncha ya fimbo na kuuweka upande wa juu wa mkondo bila kulivuta boya. Nailoni ni nzito kidogo kuliko maji. Ikikaa majini huanza kuzama, kisha hulikokota boya na chambo kikapita mbele ya samaki kwa mwendo usio wa asili. Samoni aliyetulia shimoni hasumbuki kukifuata chambo kinachokimbia.

Binti Chole

Shikamoo, Mzee. Ulivyoeleza kuhusu kuhisi samaki anapodona sina la kupinga, ila naona umeupita upesi upande wa kumpandisha, na huko ndiko anayeanza anakopoteza samaki wake. Koho akishanaswa huruka, hujizungusha na kukimbilia miguuni mwako, na katika kila mruko mshipi hulegea kisha hukazwa ghafla. Mshipi usionyumbuka hupeleka mshtuko wote kwenye ndoano, tundu mdomoni mwa samaki likatanuka, na ndoano ikachomoka. Hatari ni kubwa zaidi kwa ndoano isiyo na kijino cha kuzuia, ambayo ndiyo sheria inayoitaka kwa samoni katika maji ya chumvi ya Puget Sound, ghuba ya bahari ya hapa Washington, kwa kuwa ndoano ya namna hiyo hushikiliwa na mshipi uliokazwa tu. Nailoni inaponyumbuka hubaki imekaza hata pale mkono wako unapochelewa.

Kuna pia suala la mawe na magogo. Mshipi wa kusuka umeundwa kwa nyuzi nyembamba mno, na unaposuguliwa kwenye ukingo wa jiwe ukiwa umekazwa, nyuzi hizo hukatika moja baada ya nyingine mpaka mshipi wote unaachia. Nailoni huchubuka pia, lakini mchubuko wake unausikia ukipitisha mshipi baina ya vidole, nawe unakata kipande hicho na kufunga upya. Zaidi ya hayo nailoni ni ya bei ndogo, na mafundo yake ni mepesi kujifunza. Kwa mtu mwenye rili moja na fedha ya mshipi mmoja, nailoni ya pauni 12 au 15 haitamwaibisha, mradi aibadilishe kila msimu, kwa sababu jua huidhoofisha.

Nahodha wa Everett

Nimesoma pande zote mbili. Ninyi mnazungumzia ukingo wa mto. Mimi navua kwa boti katika Puget Sound, nikirambaza, yaani nikikokota chambo nyuma ya boti inayokwenda, na huko natumia nailoni ya pauni 25. Mshipi wetu hubanwa kwenye klipu ya kamba yenye tufe zito la risasi linaloushusha hadi kina tunachokitaka, na samaki anapovamia, klipu huachia. Mshipi wa kusuka ni mwembamba na unateleza, kwa hiyo hupenya polepole ndani ya klipu bila kushikika. Isitoshe, boti inaenda wakati samaki anavamia, na mnyumbuko wa nailoni ndio unaopokea pigo hilo. Mtu akikuambia kwamba wavuvi wa samoni hawatumii tena nailoni, ujue hajawahi kurambaza kwa tufe.

Niongeze jambo moja kwa wenzetu waliotoka kandokando ya Ziwa Victoria, maana nimeshaulizwa na zaidi ya mmoja wao. Marufuku ya timba mliyoizoea Tanzania inahusu nyavu za nailoni ya uzi mmoja, na haina uhusiano na mshipi wa rili hapa Washington. Kinachodhibitiwa hapa ni leseni, kadi ya kuandikia samaki uliowapata, aina ya ndoano, na tarehe za kufunguliwa kwa kila sehemu ya mto. Idara ya Samaki na Wanyamapori ya jimbo huweza kubadilisha tarehe hizo katikati ya msimu, kwa hiyo tazama tangazo lao kabla hujatoka nyumbani.

Mgeni wa Kent

Nawashukuru nyote. Naelekea kuchukua wa kusuka, kwa kuwa boti sina. Hata hivyo, hoja ya Binti Chole kuhusu koho anayeruka imenitia wasiwasi. Je, kipande cha mbele cha nailoni kinatosha kuchukua nafasi ya ule mnyumbuko? Kiwe cha urefu gani, na nikiunge vipi?

Mzee wa Skykomish

Marahaba, Binti Chole, na hoja yako ni ya haki. Kipande kifupi peke yake hakitoshi, mdogo wangu. Kinachotosha ni fimbo inayopinda vizuri pamoja na breki ya rili iliyolegezwa kuliko ambavyo ungeiweka kwa nailoni. Vuta mshipi kwa mkono: ukitoka kwa ulaini, bila kushtuka, uko sawa. Samaki akiruka, inamisha ncha ya fimbo kumwelekea, kisha ukaze tena anaporudi majini.

Kipande cha mbele kifanye cha futi 4 hadi 6, nailoni ya pauni 15. Kwa kuwa ni dhaifu kuliko mshipi mkuu, ndoano ikinasa gogo kitakatika hicho, na mshipi wa gharama utarudi mzima. Kuunga, tumia fundo la kukabiliana, ambalo kila mshipi unajifunga juu ya mwenzake na mafundo mawili yanavutwa mpaka yakutane. Upande wa kusuka uzungushe mara nane, upande wa nailoni mara tano zinatosha. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza, maana nailoni ikisuguana ikiwa kavu hupata joto na kupoteza nguvu. Kata ncha fupi kabisa ili fundo lipite kwenye pete za fimbo.

Kabla ya yote, zungusha mizunguko michache ya nailoni kwenye spuli tupu, ndipo uunge wa kusuka juu yake. Bila hivyo mshipi wote huteleza kwa pamoja juu ya chuma: unakaza breki, samaki anaendelea kuondoka, nawe unadhani rili imeharibika. Usiijaze spuli hadi ukingoni. Acha milimita 2 au 3, la sivyo mshipi utatoka kwa mafungu na kujifunga mafundo hewani.

Binti Chole

Nami nakubali, kwa masharti hayo. Ila ndoano ikinasa chini, usiuzungushe mshipi wa kusuka mkononi ili kuukata. Utaingia kwenye nyama. Uzungushe kwenye kipande cha mti kisha urudi nyuma ukiwa umenyoosha mshipi. Vipande vinavyobaki virudi nyumbani mfukoni mwako, kwa sababu ndege wa mtoni hunaswa navyo, na yale mapipa ya kukusanyia mishipi kwa ajili ya kuchakatwa upya kwa kawaida hupokea nailoni tu. Wa kusuka ukatekate vipande vifupi kwa mkasi kabla ya kuutupa kwenye taka.