Drafti ya MLB: korona imeondoka, raundi 20 walizowanyang'anya vijana ziko wapi?

Ndugu wanajukwaa, nimeshindwa kuendelea kulinyamazia jambo hili. Kila Julai, drafti ya MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, inapowadia, yaani pale klabu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, raundi baada ya raundi, wachambuzi humaliza siku nzima wakiwajadili vijana watano wa kwanza na mamilioni watakayosaini, wala hakuna anayewauliza wamiliki wa klabu habari za mamia ya vijana ambao zamani majina yao yangesomwa siku ya mwisho.

Mwaka 2019 drafti ilikuwa na raundi 40, na wachezaji 1,217 walichaguliwa. Mwaka 2020, msimu ulipopunguzwa kutoka mechi 162 hadi 60 kwa sababu ya korona, drafti nayo ilikatwa ikabaki raundi 5 na wachezaji 160 tu. Kijana aliyeachwa aliruhusiwa kusaini na klabu yoyote, lakini kwa dau lisilozidi dola 20,000, ilhali mwaka mmoja kabla hata aliyechaguliwa baada ya raundi ya 10 aliweza kulipwa hadi dola 125,000 bila fedha hizo kuhesabiwa katika bajeti ya usajili ya klabu. Nao wale 160 hawakukabidhiwa haki yao kwa wakati: walitangulizwa dola zisizozidi 100,000, na salio likasogezwa hadi Julai 2021 na Julai 2022. Matajiri wenye klabu walijikopesha kwa vijana ambao hawajapokea hata mshahara wa kwanza!

Ningevumilia iwapo dharura ingeondoka pamoja na ugonjwa. Mwaka 2021 mechi zilirudi kuwa 162 na mashabiki wakarudi viwanjani, lakini drafti iliishia raundi 20. Machi 2022, baada ya wamiliki kuwafungia wachezaji milango kwa siku 99 katika mgogoro wa mkataba, idadi hiyohiyo ikaingizwa katika mkataba mpya kati yao na chama cha wachezaji. Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kuzipunguza timu za ligi za chini, ambako vijana hukuzwa, kutoka 160 hadi 120, kwa hiyo anayetuambia leo kwamba nafasi za kuwaweka vijana hazipo akumbuke ni nani aliyezifuta.

Utetezi wao ni kwamba raundi za mwisho hazitoi wachezaji wa maana. Mike Piazza alichaguliwa na klabu ya Dodgers mwaka 1988 katika raundi ya 62, akiwa mtu wa 1,390, tena kwa sababu baba yake alikuwa rafiki wa kocha Tommy Lasorda. Akawa mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji) mwenye homurani, yaani mapigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja, nyingi kuliko wadakaji wote, na mwaka 2016 akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli. Mrushaji mpira Mark Buehrle alitoka raundi ya 38. Na kinachoniudhi zaidi ni hiki: katika fainali za mwaka huohuo wa 2020, Rays walipokutana na Dodgers, aliyekuwa akilinda katikati ya uwanja wa nje wa Rays alikuwa Kevin Kiermaier, aliyechaguliwa raundi ya 31 mwaka 2010. Kwa utaratibu wa sasa jina lake lisingesomwa kabisa.

Lawama si za wamiliki peke yao. Chama cha wachezaji kiliyakubali makato hayo Machi 2020, na kilikubali kwa wepesi kwa sababu vijana wanaosubiri drafti si wanachama wake na hawana kura. Waliokuwa mezani walilinda mishahara yao kwa kutoa kisichokuwa chao, na hilo siwezi kulisamehe, ingawa katika migogoro mingi huwa niko upande wa chama.

Mkataba huo unafikia ukomo tarehe 1 Desemba 2026. Nataka raundi 40 zirudishwe katika mkataba unaofuata, pamoja na timu za ligi za chini za kuwapokea vijana hao. Mwenye hoja ya kuwatetea wamiliki aiweke hapa chini, na aje na hesabu.