Taa ya ebegi (puto la usalama la gari) haizimi: tupeane uzoefu wa kutafuta hitilafu

Mwanzisha mada, Moshi
Wakuu wa Moshi na Arusha, tukusanye hapa yote kuhusu ile taa nyekundu ya mtu mwenye puto kifuani. Kwenye Toyota nyingi ukiweka swichi ON inawaka kama sekunde 6, kisha inazima. Ikibaki, kuna hitilafu, na siku ya ajali usitegemee puto kufunguka. Isipowaka kabisa ni mbaya zaidi: balbu imekufa, au kuna mtu kaizima makusudi ili auze gari. Mnaojua, mwageni hatua kwa hatua. "Peleka kwa fundi" si jibu.

Fundi Umeme, Unga Limited
Soma kodi, yaani namba za hitilafu, kabla hujashika spana. Vile vifaa vya bluetooth vya bei rahisi kwa kawaida vinasoma injini tu, ebegi havifiki. Tafuta mashine inayofungua SRS, yaani mfumo wa ebegi. Kwa Toyota nyingi za zamani zenye plagi ya matundu 16 chini ya dashibodi, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, swichi ON, uhesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa mara 1, ikatulia kidogo, ikapepesa mara 4, hiyo ni 14: njia ya puto la dereva imekatika. 13 ni shoti kwenye njia hiyohiyo. Upande wa abiria, 53 ni shoti na 54 ni kukatika. 31 ndiyo kontroli boksi yenyewe, ile kompyuta ya ebegi. Ikipepesa harakaharaka bila kutulia, hakuna kodi, basi angalia betri kwanza, maana umeme ukishuka taa inawaka pia. Usiguse tundu la 16, lina umeme wa moja kwa moja wa betri.

Ukitaka kufungua chochote, toa hasi ya betri na usubiri sekunde 90 au zaidi. Kontroli boksi ina akiba ya umeme inayotosha kulipua puto hata betri ikiwa imetolewa. Na usiweke mita kwenye puto lenyewe kupima omu (ukinzani wa umeme)! Umeme mdogo wa mita unaweza kulilipua usoni mwako.

Dereva Noah, Sakina
Kabla ya yote hayo, piga magoti uangalie chini ya siti za mbele. Soketi za njano zilizopo pale ni za mkanda na puto la ubavuni. Siti inasogezwa mbele na nyuma kila siku, waya unavutika. Halafu osheni zetu za kumwaga maji kwenye kapeti! Maji yanatuama, pini zinaota kutu ya kijani. Betri ikiwa imetolewa, chomoa, puliza dawa ya kusafishia soketi za umeme, acha ikauke, rudisha mpaka isikike "tak".

Fundi Umeme, Unga Limited
Sahihi. Ila msikate hiyo soketi mkasokota waya na kufunga tepu. Njia ya puto ina kama omu 2 hivi, kwa hiyo kiungo kibovu kikiongeza nusu omu tu, kontroli boksi inaweza kuona kasoro.

Mama Vitz, Njiro
Ikija 13 au 14, na honi pamoja na vitufe vya redio kwenye usukani vimekufa siku hiyohiyo, je, ni puto?

Fundi Umeme, Unga Limited
Hapana dada, hapo shuku ule utepe wa waya uliojikunja ndani ya kasha nyuma ya usukani. Unakatika kwa kuchakaa, au fundi wa steringi raki kaacha usukani uzunguke ovyo wakati shafti imefunguliwa. Ili kuwa na uhakika, chomoa puto na uweke resista (kipande kidogo chenye ukinzani kama wa puto) ya omu 2.2 mahali pake, rudisha betri, futa kodi, swichi ON kwa dakika 1. Kodi ikirudi, kasoro iko kwenye utepe au waya. Isiporudi, puto lenyewe.

Msomaji wa Kiboriloni
Na hiyo resista ndiyo inayotumika kutuibia. Puto likishalipuka, wengine wanaweka resista, wanabandika kifuniko kipya, taa inazima. Ndani hakuna kitu. Hapo mashine haitakuambia, utaona tu ukifungua kifuniko.

Puto la mtumba nalo si la kuokota tu. Vilipuzi vya Takata, kampuni iliyofilisika 2017, vilitumia amonia naitreti inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Vikilipuka vinaweza kurusha vipande vya chuma. Vimo kwenye Vitz, Corolla na Honda kadhaa za miaka ya 2000, zilizoitwa zirudishwe kubadilishwa. Chukua namba ya chasisi ukaangalie kwenye tovuti ya kiwanda, upande wa Japani.

Mwanzisha mada, Moshi
Utepe mpya unafungwaje usikatike tena?

Fundi Umeme, Unga Limited
Matairi yanyooke kwanza. Zungusha kitovu cha utepe kushoto polepole mpaka kikaze, usilazimishe. Kisha rudisha kulia kama mizunguko 2 na nusu mpaka alama zikutane, ndipo uvike usukani. Betri irudi mwisho, na asikae mtu mbele ya puto.