Amri ya kukaa na watoto ilitolewa Mwanza, mama anahamishiwa Mtwara: aanzie wapi?

Mdau wa Nyamagana
Wakuu, habari. Talaka na amri ya watoto vilitoka Mahakama ya Mwanzo hapa Mwanza. Watoto wana miaka 5 na 9, wanakaa na mama; baba huwachukua wikiendi moja, anaruka moja. Mama ni mtumishi wa umma, kapata barua ya uhamisho kwenda Mtwara na anaripoti Januari. Baba kasema watoto hawatoki. Amri aliyo nayo mama inatosha? Na ile kanuni ya mtoto wa chini ya miaka saba kukaa na mama inamlinda?

Kiapo na Muhuri
Haitoshi. Karatasi inayompa mama watoto ndiyo hiyohiyo inayompa baba wikiendi zake. Mwanza hadi Mtwara kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,600, sasa wikiendi ipi hiyo? Akiondoka kimyakimya, baba ndiye atakayefika kwa hakimu na malalamiko safi.

Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinairuhusu mahakama kubadili amri hali inapobadilika kwa kiasi kikubwa. Afungue maombi mahakama ileile, aambatanishe nakala ya hukumu, barua ya uhamisho, barua ya shule itakayowapokea, na maelezo ya makazi pamoja na nani atabaki na huyo wa miaka 5 mama akiwa kazini. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na baba ataling'ang'ania.

Miaka saba watu wanaikuza mno. Kifungu cha 125 kinachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema awe na mama, lakini dhana hiyo hupingwa kwa ushahidi. Kutimiza saba nako hakumhamishii baba mtoto. Hoja nzito ya mama iko kwingine: kifungu hichohicho kinamtaka hakimu aangalie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumbadilishia mlezi, na kuwabakiza Mwanza ndiko kubadilisha mlezi. Wa miaka 9 yuko nje ya dhana ile, ila Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maoni ya mtoto yazingatiwe na inaona ni vizuri ndugu wasitenganishwe.

Ustawi Kanda ya Ziwa
Naongezea: asiende kuomba ruhusa mikono mitupu, aende na ratiba mbadala. Kwa mfano, likizo ya Juni yote kwa baba, ya Desemba wagawane nusu kwa nusu, na siku mbili za simu kila wiki kwa saa inayotajwa. Iandikwe nani analipa nauli ya kwenda na nani ya kurudi, nani anawasindikiza (wa miaka 5 hapandi basi peke yake), na wanakabidhiwa wapi. "Watakutana likizo" bila tarehe huzaa kesi nyingine.

Mahakama inaweza kuagiza ripoti ya afisa ustawi wa jamii. Afisa huzungumza na pande zote mbili, na hilo huchukua muda, kwa hiyo Desemba ni kuchelewa. Uhamisho wa shule nao uanze mapema, namba ya PREM (ya usajili wa mwanafunzi wa shule ya msingi) ya mkubwa ikiwa mkononi.

Mdau wa Nyamagana
Asanteni. Baba ana miezi kadhaa hajatoa matunzo. Mama anaweza kutumia hilo kumzuia asiwaone?

Kiapo na Muhuri
Asithubutu. Matunzo adai kwa maombi yake. Kumwona mzazi ni haki ya mtoto. Wakielewana nje ya mahakama pia sawa, ila makubaliano yaandikwe, wasaini, yapelekwe mahakamani yawe amri.

Pwani Mpaka Muscat
Kwa wanaosoma huku wakiwaza kwenda nje: Tanzania haimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1980 wa kurejesha watoto waliovushwa mipaka. Mtoto akishafika Oman, kwa mfano, mzazi aliyebaki anaanza kesi upya huko. Mwenye wasiwasi aombe zuio la kumtoa mtoto nchini kabla ya safari, na aombe amri iseme nani anashika pasipoti. Walioko Zanzibar, Sheria ya Ndoa ya 1971 haiwahusu. Waulizie Mahakama ya Kadhi na Sheria ya Mtoto ya huko ya 2011.